Ubao wa Matangazo, Lunglei

Kila Juni mkuu wa chuo, Pu Vanlalruata,
hunipa karatasi ya mwaka jana na kalamu nyekundu.
"Badilisha tarehe tu, Ziri. Mengine yako vilevile."

Nami hubadilisha tarehe.
Julai nne, ukumbi mkubwa: warsha ya wahadhiri,
namna ya kutunga maswali yasiyojibika kwa kukariri.
(Maswali ya warsha yenyewe nimeyachapa mimi.
Yanajibika kwa kukariri.)
Julai kumi na moja: mafunzo ya kompyuta,
wote, bila kukosa, umeme ukiwepo.
Julai kumi na nane: kongamano la historia,
Pi Biaksangi atasoma makala yake
juu ya mwaka mianzi ilipochanua na panya wakamaliza mpunga,
ileile aliyoisoma nikiwa mwanafunzi wake,
na akifika kwenye bakuli la mama yake
huvua miwani, husema samahani, tuendelee.

Na mstari wa mwisho, ule niupendao:
Agosti mbili, mhadhara wa Dk. Nilotpal Bordoloi wa Guwahati,
"Kwa Nini Vilima Vinaanguka."

Miaka mitatu nimeuchapa.
Miaka mitatu nimepanga viti mia na ishirini,
nimeagiza sambusa, nimefua kitambaa cha meza,
na miaka mitatu, siku mbili kabla,
kilima kimelala barabarani.
Daktari wa maporomoko kazuiwa na maporomoko.
Kinyozi hajinyoi, walicheka ofisini,
nami nikaandika kwa mkono, chini ya mstari:
umeahirishwa.

Mwaka huu mkuu alisema, futa.
Fedha ya sambusa imenunua projekta.
Nikafuta. Pakabaki peupe ubaoni,
kama pengo la jino:
kila nikipita, jicho linapapasa palepale.

Kisha Jumanne moja, isiyoandikwa popote,
umeme umekatika, mvua inapiga mabati,
wanafunzi tisa wamejibanza barazani,
Pi Thangi mfagiaji anakamua tambara,
mtu akapanda ngazi, viatu mkononi,
tope hadi magotini.
"Ukumbi uko wapi? Mmeshaanza?"
Mfukoni alikuwa na barua yangu ya mwaka juzi,
saini yangu imelowa, imekuwa ua la bluu.
"Agosti ni ya vilima," akasema. "Nimejaribu Juni."
Usiku mbili alilala ndani ya Sumo.
Kilomita sita za mwisho alikuja kwa miguu.

Sikumwambia kwamba nilimfuta.

Nikafungua darasa la saba. Akachukua chaki.
"Kilima ni mtu aliyekaa," akasema, akichora.
"Mnamkata miguu mpitishe barabara,
halafu mnashangaa anapolala?"
Wanafunzi wakaandika. Mmoja akauliza
kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Pi Thangi, mlangoni, tambara mkononi:
"Nyumba yangu iko chini ya barabara mpya. Nihame lini?"

Akaweka chaki chini.
Mvua ikasema peke yake kwa muda.
"Mti uliokuwa wima ukiuona umeinama," akasema,
"au mlango ukikataa kufunga.
Mama, usingoje tangazo."

"Mlango wangu," akasema Pi Thangi,
"umekataa tangu Ijumaa."

Hapakuwa na makofi, wala neno la shukrani.
Tuliteremka wote kumi na wawili kwenye utelezi.
Daktari alibeba sufuria mbili na jogoo.
Binti wa mtihani alibeba godoro kichwani,
analia, anacheka, sijui.

Leo asubuhi nimerudi ubaoni na kalamu nyekundu.
Julai nne, warsha ya maswali:
imehamishiwa darasa la saba.
Ukumbi mkubwa una wenyewe.